Mashine Ine Kwenye Sherehe ya Mapasa

Shefu Gracien Tshiamala alisimama mlangoni pa nyumba yake, koti jipya mwilini, udongo mweupe wa baraka kwenye paji la uso, akamtazama mama yake mzazi. Halafu akautazama mkono wa mama yake. Halafu akamtazama mtu aliyeshikwa na mkono ule, na tabasamu lote likamwisha.

"Mama, huyu hapana," akasema. "Huyu ni Mashine Ine."

Hapo ndipo gazeti la wiki iliyopita lilipotukatia uhondo, na najua wapo waliosonya. Wamesamehewa. Wale ambao gazeti lao lilifungiwa samaki kabla hawajalisoma, nitawaeleza kwa mwendo wa taxi-moto, kisha tusonge mbele.

Jumamosi hiyo kulikuwa na sherehe ya mapasa huko Manika. Fifi, mke wa Shefu, amejifungua watoto wawili kwa mpigo, na ua mzima umejaa ngoma, jamaa na harufu ya nyama. Wafanyakazi wa kiwanda cha Shefu, kile cha kufulia salopeti, ovaroli za wachimbaji, nao wameitwa. Hawakuitwa kula, wameitwa kuosha sahani.

Mushiya, mmoja wa wafanyakazi hao, alikuwa kwenye beseni, povu mpaka kwenye viwiko, alipotokea mama yake Shefu, Kaku Bilonda. Kaku maana yake ni bibi, na yule anaitwa Kaku na mtaa mzima. Alikuwa anatafuta mwanamke aliyezaa mapasa, maana ni yeye tu anayeweza kufungua nyimbo, na yule wa mtaani amekwenda Tenke kwenye kilio. Bilkisi, rafiki yake Mushiya, binti wa wafanyabiashara Waislamu kutoka Maniema, akanyoosha kidole bila kuwaza. "Huyu eko na mapasa," akasema. Kaku akamkamata Mushiya kifundo cha mkono, akamkokota na povu lake mpaka mlangoni, na mlango ukafunguka.

Sasa wote tuko pamoja. Tuendelee.

"Mashine gani?" akauliza Kaku Bilonda. "Mi naona mutu."

"Mama, ni mufanyakazi wangu. Anafula salopeti ku mashine ya ine."

"Na mama yake alimuita Mashine?"

Shefu akakohoa, akarekebisha kola ya shati. Mushiya alitazama viatu vyake mwenyewe.

Ngoja niwaambie jinsi mambo yalivyo pale kiwandani, kwenye barabara ya Mutoshi. Salopeti zinaingia nyekundu kwa vumbi la mgodi, zinatoka safi zimekunjwa vizuri, na hakuna mwenye kuzifua aliye na jina. Kuna Mashine Moja, kuna Mashine Mbili, na kuendelea. Bilkisi ni Mashine Tano. Kyungu wa pasi, mtu mzima mwenye wajukuu, ni Mashine Sita.

Na mashine ikiharibika, hata kama ni umeme tu umekatika, Shefu hafungi kitambaa chekundu kwenye mashine kuonyesha kwamba iko kwenye panne. Anamfunga yule anayeiendesha. Anamfunga kwenye mkono, naye anasimama kando ya ukuta mpaka mashine ipone.

Mushiya amekivaa kitambaa kile kuliko wenzake wote, kwa sababu mashine ya nne ni kongwe na ina vituko. Zamani alikuwa mwanamke wa kucheka mpaka jirani wachungulie. Siku hizi anatembea akiambaa ukuta hata sokoni, na akikanyagwa mguu na mtu, ni yeye anayeomba samahani.

Nyuma huko, Bilkisi alimsogelea Kyungu, ambaye alikuwa amezikimbia sahani kwa ujanja wa kushika ngoma.

"Kwani kuimba iko na matata gani?" akanong'ona. "Aimbe tu, tumalize, tukule."

"We hauyue," akasema Kyungu. "Ku mapasa ya Baluba batu habaimbe sawa mu kanisa. Banatukana."

"Banatukana nani?"

"Baba ya mapasa. Na mama. Na kila mutu anaingia mu mulango. Kutukana kule njo furaha, njo batoto banajisikia nyumbani. Na baba anapashwa kucheka. Akikasirika tu, batoto banaweza kugonjwa."

"Sasa Mushiya njo atamutukana Shefu?"

"Ye njo wa kwanza."

Bilkisi akashika kifua. "Astaghfirullah! Na ni mi nilimuonyesha na kidole!"

Basi mmeona mtego wenyewe. Mushiya akiimba jinsi inavyotakiwa, Jumatatu anaweza kukuta geti la kiwanda limefungwa usoni mwake. Mume wake, Muamba, yuko njiani na lori na haijulikani atarudi lini. Mushiya akikataa, atakuwa amekubali mbele ya Manika nzima kwamba yeye ni Mashine Ine, basi, hana kingine.

"Twende, Mwa Mbuyi," akasema Kaku.

Mwa Mbuyi ni cheo cha kila mwanamke wa Kiluba aliyezaa mapasa, na baba yao ni Sha Mbuyi, maana pacha wa kwanza huitwa Mbuyi na wa pili Kabanga. Mushiya hakuwa ameitwa hivyo siku nyingi, na neno lile lilimpita kama linamhusu mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Ngoma zikanyamaza. Fifi akatoka nje na wanawe, mmoja kila mkono, wamefungwa kwenye blanketi mpaka puani. Watu wakasogea, wakatengeneza duara. Shefu akasimama kando ya mkewe, akimkazia Mushiya macho yale ya asubuhi ya kazi, macho ya kuhesabu mashine.

Mushiya akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

"Pardon, Shefu," akasema.

Wanawake waliokuwa tayari kuitika wakatazamana.

"Ni faute yangu," akaendelea kukiri kosa, kwa sababu hakujua namna ya kuacha. "Sitarudilia."

Kaku Bilonda akapiga yowe.

"Aka! Pardon? Pardon ku mulango wa mapasa?"

Jamani, katika nyumba ile hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Mapasa wanataka kelele, wanataka kutaniwa, wanataka kusikia wazazi wao wakichambuliwa kuanzia kichwa mpaka kidole. Ukija mbele yao na samahani, ni sawa na kuwaambia wamekosea nyumba. Shangazi mmoja akakimbia kuwafunika watoto masikio kwa ncha ya kitenge. Wazee wakaguna. Mushiya alipoona alichokifanya, akafanya kile alichozoea kufanya akikosea.

"Pardon, Kaku," akasema.

"Anarudilia!" Kaku akapiga makofi kwa hasira. "Mamu, anarudilia!"

Shefu akaona nafasi yake imefika.

"Nilikuambia, Mama. Mashine hii iko mu panne."

Akacheka. Alicheka peke yake, maana wafanyakazi walikuwa wanatazama chini na jamaa hawakuelewa utani wenyewe. Kaku alielewa kidogo. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu kuliko Shefu alivyopenda.

"Ngoma bangoje," akasema Kaku. "We mama, kuya."

Akamvuta Mushiya mpaka nyuma ya nyumba, penye mbabula za makaa na masufuria yanayotokota.

"Nani alikufundisha kuomba pardon vile?"

"Hakuna mutu, Kaku. Inatoka yenyewe."

"Na ku nyumba yako? Inatoka pia?"

"Ku nyumba hapana. Ku nyumba..." Mushiya akasita.

Alisita kwa sababu nyumbani mambo ni kinyume kabisa, na hakuwa na hamu ya kuyasema. Lakini kabla hajapata uongo wa kufaa, walitokea mabinti wake wawili wakikimbia na mikate ya mafuta mikononi. Walikuwa wamefanana mpaka kwenye pengo la jino. Kaku akafurahi alipowaona, akapinda goti kuwasalimu kwa heshima, kwa sababu mapasa ni wakubwa hata wakiwa wadogo.

"Moyo wenu, bakubwa bangu! Nani njo Mbuyi, nani njo Kabanga?"

Wasichana wakatazamana. Mmoja akasimama wima, mkate nyuma ya mgongo.

"Mi ni Moja," akasema.

"Na mi ni Mbili," akasema mwenzake.

Kaku akageuza shingo polepole kumwelekea Mushiya.

"Mama anatuita vile akirudia ku kazi," yule wa kwanza akaeleza, kwa kuwa bibi alionekana hajaelewa. "Shiye tunajibu: prezan, Shefu, niko hapa!"

"Na tukivunja kopo," mwenzake akaongeza, "tunasimama ku ukuta."

Wakacheka. Kwao ulikuwa mchezo kama michezo mingine. Wakauma mikate yao.

Mushiya alihisi uso unaungua, na si kwa ajili ya makaa. Hakuwahi kuyasikia maneno yale mbele ya mtu mwingine. Nyumbani yalikuwa yanatoka tu jioni, miguu ikimuuma, kichwa bado kimejaa ngurumo za kiwanda. Moja, leta maji. Mbili, kwa nini haukufagia. Siku wasichana hawa walipozaliwa, mama yake Mushiya alitoka Mwene-Ditu kwa treni, siku na siku njiani, ili awaite Mbuyi na Kabanga kwa kinywa chake mwenyewe. Na yeye ameyapoteza majina hayo bila hata kuona yalipoanguka. Aliona aibu mpaka machozi yakamlenga.

Kaku hakumkaripia. Alifanya jambo baya zaidi, alicheka.

"Kumbe Gracien wangu anaishi ku nyumba yako pia!" akasema. "Anakula wapi, ku meza yako?"

Mushiya akafuta macho. Akataka kusema pardon, ikamfika mpaka kwenye meno, akaimeza. Ilishuka kwa shida. Ilipofika chini, kitu kingine kikapanda kutoka kulekule, na kilikuwa hasira, hasira ya siku nyingi iliyokomaa vizuri. Wallahi ilimpendeza.

"Kaku," akasema, "kile kitambaa cha kichwa yako. Unipatie."

Kaku alikuwa amejifunga kitambaa chekundu, kipya, cha sherehe. Alikifungua bila kuuliza. Mushiya akakipitisha kwenye mkanda wa kitenge chake, akawashika wanawe mabegani.

"Mbuyi. Kabanga. Kuyeni musikie mama yenu."

Wasichana wakaacha kutafuna.

Alirudi uani akiwa amenyooka. Watu walimwona, wakapisha. Bilkisi, aliyekuwa anasoma dua kimoyomoyo ili rafiki yake azirai na kupelekwa nyumbani, aliona ile shingo na akajua dua imekataliwa.

Mushiya hakungoja ngoma. Alipiga makofi mwenyewe, akaanza.

"Mapasa, eeh!"

"Eeh, mapasa!" wanawake wakaitika.

"Sha Mbuyi wetu, eeh! Masikio mukubwa, hayasikie!"

"Eeh, mapasa!"

"Tumbo mukubwa, haishibe!"

Watu wakacheka, na Shefu naye akacheka vizuri kabisa, akipapasa tumbo lake. Hayo ni matusi ya kawaida, kila baba wa mapasa huimbiwa. Akaona Mashine Ine si mbaya sana. Akaanza hata kutikisa bega.

"Usiku anayua njia ya kitanda!" akaimba Mushiya.

Vigelegele! Fifi akaficha uso kwenye blanketi la mtoto.

"Asubui hayue njia ya bonjour!"

Bega la Shefu likasimama. Kyungu, kwenye ngoma, akaongeza nguvu kidogo.

"Cheka, Gracien," akasema Kaku kwa sauti tamu. "Batoto banakuangalia."

Watoto walikuwa wamelala usingizi mzito, lakini Shefu akacheka. Alicheka kama mtu anayeng'olewa jino. Mushiya alikuwa ameanza kumzunguka akicheza, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alimtazama machoni. Akashangaa kukuta macho ya kawaida tu, yenye uchovu.

Akachomoa kitambaa chekundu.

Wafanyakazi walikiona kabla ya Shefu. Sahani moja ilianguka huko nyuma, ikavunjika, na hakuna aliyeitazama. Mushiya alikikunjua kitambaa, akakifunga juu ya mkono wa lile koti jipya, mafundo mawili, kama anavyofungwa yeye.

"Shefu eko mu panne, eeh!"

Kwa pumzi moja hakuna aliyeitika. Halafu Kyungu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaunguruma kutoka kwenye ngoma:

"Mupeleke ku ukuta!"

"Shefu eko mu panne, eeh!"

"Mupeleke ku ukuta!"

Wakaja wote, na mikono yao yenye maji ya sahani. Walikuwa wanacheza, hakuna aliyemgusa, lakini walicheza kwa upande mmoja tu, na Shefu akajikuta anarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa jiko. Jamaa waliokuja kutoka mbali hawakujua maana ya kitambaa wala ukuta, ila waliona ni wimbo mpya na mzuri, wakaitika kwa nguvu zote. Fifi ndiye aliyewamaliza. Alimkabidhi shangazi mtoto mmoja, akainua mkono, akaimba kwa sauti nyembamba:

"Na ku nyumba pia eko mu panne!"

Hapo watu walikaa chini kwa kucheka. Mzee mmoja alishika nguzo asianguke. Hata Shefu, ukutani, kitu kilimtoka puani ambacho kilikuwa karibu na kicheko cha kweli.

"Mi si Mashine Sita!" akaimba Kyungu. "Mi ni Kyungu!"

"Eeh, mapasa!"

"Mi si Mashine Tano! Mi ni Bilkisi, mutoto ya Kasimu!" Huyu ndiye aliyekuwa anasema astaghfirullah. Sasa alikuwa na sauti kuliko wote, na mtandio umemteleza mpaka shingoni.

Wakajitaja wote, mmoja baada ya mwingine, na kila jina likapigiwa ngoma. Mushiya akangoja wamalize. Akasimama mbele ya Shefu, jasho linamtiririka.

"Na mi, Sha Mbuyi?" akaimba. "Mi naitwa nani?"

Kyungu akazuia ngoma kwa kiganja. Ua wote ukatega sikio.

Shefu alimtazama. Midomo ikacheza. Halafu akainua kidevu, kama anavyofanya kiwandani.

"Siyue," akasema. "Mi nayua mashine tu."

Watu wakasema "Ooh," na haikuwa ooh ya utani.

Nitasema ukweli, ilimuuma Mushiya. Ilimuuma kuliko kitambaa, kuliko ukuta, kuliko siku zote alizosimama pale watu wakipita na mikokoteni ya salopeti. Miaka yote hiyo ameingia na kutoka kwenye geti la mtu huyu, na mtu huyu hakuokota hata jina. Furaha yote ikataka kumwishia miguuni.

"Ile si wimbo," akasema Kaku Bilonda. "Sha Mbuyi anapashwa kujibu na wimbo. Jibu, Gracien! Ama unaogopa mwanamuke?"

Ni haki yake baba wa mapasa kurudisha matusi, na kila mtu alijua kitakachofuata. Shefu ana ulimi. Bilkisi akamshika Mushiya mkono, wakasubiri pamoja.

Shefu akajisafisha koo. Akaanza vibaya, sauti haikupata mahali pa kukaa.

"Mashine Ine, eeh! Sauti sawa treni ya Tenke!"

"Eeh, mapasa!" watu wakaitika, wakacheka. Lilikuwa tusi zuri. Mushiya mwenyewe alicheka, hakujizuia.

"Inapita mara moja," akaimba Shefu, "tunasikia mwezi muzima!"

Vigelegele tena. Shefu akapata moto. Akajitenga na ukuta, akapiga hatua moja ya kucheza, kitambaa chekundu kikipepea, akafungua mdomo kwa mstari wa tatu. Nadhani hata yeye hakujua ulikotoka.

"Na mi niko na shefu, eeh! Direktere wa mugodi!"

"Eeh, mapasa!"

"Ananiita: Ee, wa Salopeti!"

Wachache wakaitika.

"Nasimama inje ya biro mpaka miguu inakufa! Nasema pardon, Direktere! Nasema ni faute yangu! Nikitoka pale..." Akatazama kitambaa kwenye mkono wake. "Nikitoka pale, natafuta mutu wa kufunga."

Hakuna aliyejua kama acheke. Fifi alikuwa anamtazama mumewe kana kwamba amemkuta sokoni bila kutarajia. Kaku aliacha kucheza.

"Gracien," akasema. "We njo wa Salopeti?"

"Kila Jumatatu, Mama."

"Na haukuniambia?"

"Ningekuambia nini?"

Mushiya hakumsamehe, msije mkafikiri ni malaika. Lakini sauti ile aliijua. Ndiyo iliyokuwa inatoka kwake kila asubuhi getini, nyembamba, yenye kuomba njia, na sasa ameikuta inakaa kwa mtu mwingine, tena ndani ya koti jipya. Alisogea, akanyoosha mkono kwenye fundo la kitambaa. Alikuwa hajaamua kama analifungua au analikaza.

Honi ikalia nje ya geti.

Jeep nyeupe ya mgodi ilikuwa imesimama pale, imejaa vumbi mpaka kwenye vioo. Akashuka mtu mrefu, mkavu, mwenye tai, amebeba mablanketi mawili ya zawadi yaliyofungwa utepe. Shefu alimwalika kwa adabu tu, bila kutegemea kwamba atakuja. Ni Direktere Edouard mwenyewe, mtu wa Kinshasa, ambaye akitaka, salopeti zote za mgodi zinaweza kufuliwa kwingine kuanzia kesho.

Direktere aliingia uani. Aliona udongo mweupe kwenye nyuso. Aliona wafanyakazi wamemzunguka mwajiri wao. Aliona mwajiri mwenyewe karibu na ukuta, amefungwa kitambaa chekundu.

"Ee, wa Salopeti!" akasema. "Kuko nini huku?"

Mtoto mmoja wa Fifi akaamka, akalia.

Mnakumbuka Kyungu alichomwambia Bilkisi? Kwenye mapasa anatukanwa baba, anatukanwa mama, na anatukanwa kila mtu anayeingia mlangoni. Hakuna anayerukwa. Ua mzima ulikumbuka kwa wakati mmoja, na ua mzima ukageuza macho kwa Mushiya.

"Mwa Mbuyi," akasema Kaku Bilonda, na tabasamu lake lilikuwa la kutisha. "Kuko mugeni."

Shefu Gracien aliruka. Sijawahi kusikia mtu wa kilo zile akiruka hivyo. Alimfikia Mushiya kwa hatua mbili, akainama kwenye sikio lake, jasho linachora mistari kwenye ule udongo mweupe.

"Mama Mushiya," akanong'ona. "Tafazali. Mama Mushiya, fikiria bwana yako Muamba. Fikiria Mbuyi na Kabanga. Huyu umuache. Mama Mushiya, nakuomba."

Mushiya akageuka taratibu, akamtazama.

Jina lake. La kwake, la mumewe, ya watoto wake, yote, moja baada ya jingine, bila kukosea hata moja.

"Kumbe ulikuwa unayua," akasema.

Shefu akafumba mdomo. Hakuwa na mahali pa kuyarudisha.

Mushiya akalifungua fundo la kitambaa kwenye mkono wa Shefu, la kwanza, la pili, kwa upole. Shefu akashusha pumzi ndefu. Alidhani yamekwisha. Akajaribu hata kutabasamu.

Mushiya alikikung'uta kitambaa kile chekundu mara moja hewani, akawatazama wanawe, akamtazama Kyungu. Kyungu akainua mikono juu ya ngoma.

"Mapasa, eeh!" akaimba Mushiya, na akaanza kucheza, polepole, kitambaa mkononi, kuelekea kwenye tai ya Direktere.